Kopo la Fatuma

Mwezi uliopita tulimzika Dresa Nyamawi, dresa maana yake msaidizi wa daktari, kwao upande wa Kinango. Ardhi ilikuwa ngumu, vijana walipokezana sururu tangu alfajiri, na sisi wazee tukawekwa mbele kwenye viti vya plastiki tusubiri. Maneno yalikuwa mengi. Mchungaji alisema, chifu mstaafu akasema, kisha mjukuu wake mwalimu akasimama akaeleza habari ya jicho: kwamba babu yake alipoteza jicho la kushoto ujanani, akiwatibu watu wa pwani waliokuwa bado gizani, nao wakamlipa kwa ujinga wao. Watu wakatikisa vichwa kuusikitikia ujinga wa watu wa kwetu. Kisha wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi peke yangu niliyebaki katika waliofanya kazi naye mwaka ule, wakauliza kama nina neno. Nikasema marehemu alikuwa mtu mwema, nikaketi. Nikala sima na nyama ya mbuzi waliyonipakulia, nikarudi nyumbani. Kwetu Mvumoni husimuliwa kinyume chake, kwamba dresa mnyika, mtu wa bara, alimnywesha sumu mke wa mtu. Hadithi hizo mbili zote si za kweli. Ya kweli ninayo mimi, na nimekaa nayo muda mrefu kuliko umri wa watu wengi watakaosoma hapa.

Ulikuwa mwaka wa uhuru. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la nane, najua kusoma na kuandika na najiona sana kwa hilo. Daktari mmoja Mzungu alikuja Mvumoni na gari aina ya Landrova, akapanga ghala la mbata lililoachwa na Mhindi aliyehamia Mombasa, akalifanya nyumba ya uchunguzi. Hata baada ya kuta kupakwa chokaa, ghala lilinuka mafuta ya nazi yaliyooza, na juu ya harufu hiyo ikaongezeka ya dawa ya kuhifadhia choo. Mlikuwa na meza mbili ndefu, darubini mbili zilizowekwa dirishani zipate mwanga, chupa, na rafu ya makopo madogo ya bati yenye vifuniko. Daktari alikuwa anachunguza safura, ule ugonjwa wa minyoo inayonyonya damu tumboni hata mtu akawa mweupe viganja na kuhema kwa kupanda ngazi tatu. Alikuwa na dawa mbili, ya zamani na mpya, akitaka kujua ipi inafukuza minyoo zaidi. Kwa hiyo kila mtu wa kila nyumba iliyochaguliwa alipaswa kutoa choo kabla ya dawa na baada ya dawa, na jina lake liandikwe kwenye kopo na kwenye daftari. Nyumba ikikosa kopo moja, yote ilifutwa. Mwanamume hawezi kuingia jikoni mwa watu akawaomba wake zao choo, ndiyo maana nikaajiriwa mimi.

Dresa Nyamawi alikuwa mkono wa kulia wa Daktari. Mtu wa miaka thelathini hivi, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kufuta kioo cha darubini kwa pindo la shati lake kisha kujikemea mwenyewe kwa kufanya hivyo. Mchana alikula sima na maziwa ya mgando aliyoletewa kutoka kwao, akanipa nusu bila kuuliza, nami nilikula huku nikimtania kwamba watu wa bara hawajui samaki ana miiba upande gani. Alinifundisha kusoma darubini. Yai la safura lina ganda jembamba jeupe, mwanga hulipenya. Yai la chango, yule mnyoo mrefu kama kamba, lina ganda la kahawia lenye vinundu, kama fenesi dogo. Akaniambia hilo ndilo la kuangalia kuliko yote, kwa sababu dawa ya safura haimuui chango, humchokoza tu. Chango wakichokozwa hukimbizana, wakajisokota pamoja wakawa fundo, na fundo likaziba utumbo. Kwa hiyo mwenye chango hupewa dawa ya chango kwanza, choo chake kikapimwa tena, na akiwa safi ndipo anywe ya safura. Alinifanya nirudie maneno hayo mpaka nikayasema bila kufikiri. Kisha akanipa kopo nipime choo changu mwenyewe kwa mazoezi. Nilikuwa na safura kidogo, chango sikuwa naye. Kwa kuwa sikuwa katika daftari la utafiti, akasema nitapewa dawa kazi itakapokwisha.

Kazi ilikuwa ngumu, na si kwa uvivu wa watu. Kwetu choo cha mtu hakiachwi kikaonekana. Hufukiwa, maana mwenye kijicho akikipata anaweza kukifunga kwa uchawi akamfunga na mwenyewe. Kisimani nilisikia yote. Wengine walisema Wazungu wanaondoka, kwa hiyo wanabeba vinyesi vyetu wakatufunge wakiwa kwao. Mama mmoja alisema dawa yenyewe ni pombe, kwa kuwa mumewe alipoinywa aliyumba njia nzima kama mlevi. Hilo la kuyumba lilikuwa kweli, dawa ile ilikuwa na harufu kali na ililevya kwa saa moja mbili. Nilicheka nao, nikawabembeleza, nikawapa majina ya waliopona, na makopo yakaja. Nilijivunia. Daktari aliniahidi barua ya kwenda Mombasa kusomea uuguzi, na alikuwa mtu wa kutimiza, kwa mema na kwa mabaya. Nyumba tatu zilipofutwa kwa kukosa kopo, alinitazama akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni kwamba ya nne itakuwa ya mwisho kwangu.

Ya nne ilikuwa nyumba ya Mzee Bakari. Humo alikuwamo Fatuma, shoga yangu tangu chuo cha Kurani, aliyeolewa na Juma mwana wa mzee miezi saba nyuma. Wasiotoka kwetu watashangaa, lakini mke wa mwana alimstahi baba mkwe wake kiasi hiki: hamtaji jina, hali mbele yake, akimwona njiani anazunguka nyuma ya nyumba, na mwaka wa kwanza hata sauti yake haisikiki na mzee. Fatuma alikuwa mcheshi asiyenyamaza, akiimba hata akikuna nazi, lakini mzee alipokohoa barazani alimeza wimbo katikati ya neno. Na makopo ya nyumba ile yaliwekwa katika kikapu kimoja, kikaning'inizwa barazani palepale anapokaa mzee, ndipo nikichukue. Siku ya kwanza nikakuta makopo matano badala ya sita. Siku ya pili matano. Siku ya tatu nilimfuata Fatuma jikoni, akashika mkono wangu huku machozi yamemlenga.

"Kopo langu likae ubavuni mwa la baba mkwe, na jina juu? Uso wangu nitauweka wapi, Mwanamisi?"

Ningeweza kulibeba kopo lake mkononi, mbali na kikapu. Nililisema hilo, akasema mama mkwe atauliza kwa nini la kwake peke yake lifichwe, kwani ana nini. Ningeweza kumwambia Daktari abadilishe mpango wa kikapu. Sikumwambia, kwa sababu nyumba ilikuwa ya nne na barua ilikuwa yangu. Nikachukua kopo lililoandikwa jina lake, nikaenda nyuma ya ghala la mbata, nikalijaza mwenyewe, nikalirudisha nikalitia kikapuni kwa mkono wangu. Nilipomweleza, Fatuma alijifunga khanga mdomoni asicheke kwa sauti, akaniambia sasa sisi tumbo moja. Tulicheka mpaka tukashika kuta. Kesho yake Dresa akakisoma kile choo kwa darubini na kuandika: safura, hakuna chango. Mimi nilikuwa meza ya pili nikimsikia. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Fatuma hakuficha maradhi, hakuyajua. Aliyeficha nilikuwa mimi, na nilijua ile kanuni bila kufikiri. Sisemi nilisahau. Nilijiambia tu kwamba safura wanayo wote, na chango hana, mbona mnene na mchangamfu.

Asubuhi ya dawa wanawake walipanga mstari mbele ya ghala, hawajala. Dresa aliwapimia katika kikombe kidogo mmoja mmoja. Fatuma aliinywa kwa mkupuo, akakunja uso, akayumba, akanishikilia begani akicheka, nami nikamsindikiza hadi kwao. Usiku alilala vizuri. Kesho yake alishikwa na tumbo, mama mkwe akamkanda kwa mafuta ya nazi. Siku ya tatu niliitwa. Nilimkuta juu ya kitanda cha kamba, amekunjamana, tumbo limejaa na kuwa gumu kama ubao, na wanawake watatu wanamshika miguu asijirushe chini. Alitapika maji ya kijani ndani ya karai. Halafu akatapika chango. Nawaandikia kama nilivyoona: walitoka mdomoni na mmoja puani, wakiwa hai, warefu kuliko kiganja, na yeye mwenyewe akawa anawavuta kwa vidole huku akipiga mayowe. Wanawake wawili walikimbia nje. Mama mkwe hakukimbia, alimshika kichwa akisoma aya, na mikono yake ikatapakaa. Fatuma aliniona mlangoni akanipigia kelele tumpasue, tuchukue kisu tumpasue. Sauti ile ilifika barazani, ikafika msikitini.

Wanaume wakageuza kitanda kuwa machela, wakakipokezana mabegani kuelekea hospitali ya Msambweni, nami nikikimbia ubavuni nimeshika mkono wake. Kila walipotikisika alipiga yowe, na Juma aliwatukana waende taratibu, kisha akawatukana waende mbio. Tulipofika kwenye mikorosho mayowe yalikatika, tukadhani amepata nafuu. Juma ndiye aliyefunua khanga. Alikaa chini kwenye mchanga akajipiga kifua kwa ngumi mpaka wenzake wakamkamata mikono. Mimi niliuachia mkono wa shoga yangu nikarudi mbio kijijini peke yangu.

Daktari alikuwa Mombasa na gari. Ghalani alikuwamo Dresa pekee, ameinamia darubini. Habari za chango zilikuwa zimemfikia, naye alikuwa ametoa kipande cha kioo kilichopakwa choo cha Fatuma na kuhifadhiwa, akikisoma upya, kona hadi kona. Nilimwambia amekufa. Hakuinua kichwa.

"Ametapika chango wengi, na humu hamna hata yai moja," akasema. "Hiki choo ni cha nani?"

"Changu."

Hapo akainua kichwa. Hakunitukana. Aliuliza tu kama kuna mwingine anayejua, nikasema aliyejua ni Fatuma. Alikuwa anafungua mdomo aseme jambo, na mpaka leo sijui lilikuwa jambo gani, kwa maana tulisikia miguu ya watu.

Walikuwa arobaini au zaidi, Juma mbele, wengi wao watu niliokula kwao. Mlango ulivunjwa ingawa haukufungwa. Walianza na vitu. Rafu ya makopo ikaangushwa, wakayakanyaga, choo kikatapakaa sakafuni na makali ya bati yakawakata miguu wasijali. Chupa zilirushwa ukutani. Darubini moja ilipondwa kwa mchi. Kisha wakamvuta Dresa kwa miguu kutoka chini ya meza, wakampiga kwa fimbo, kwa makuti, kwa mateke, huku wakimwita mnyika, mchawi, mbwa wa Mzungu. Mmoja alimbana taya, mwingine akammiminia ile dawa kinywani moja kwa moja kutoka kwenye chupa, ikamwagika machoni na puani, akawa anakohoa damu. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani. Hakuna aliyenigusa. Nilikuwa mtoto wao, na shoga wa marehemu, na nilikuwa nalia. Kikongwe mmoja alinitia fimbo mkononi akaniambia nipige na mimi, huyu ndiye aliyeniulia mwenzangu. Watu walinitazama. Nikapiga. Nilimpiga mgongoni mara mbili.

Juma akawanyamazisha. Alimwinua Dresa kwa shingo ya shati, akamuuliza ni nani aliyeandika kwamba mkewe anywe dawa ile. Dawa ilikuwa inadondoka mezani. Dresa alinitazama, jicho kwa jicho, na bado alikuwa na macho yote mawili. Nilijua anaweza kunitaja kwa neno moja, na kwamba mkono wa Juma wa kulia ulikuwa na panga.

"Mimi," akasema. "Nilichanganya makopo."

Juma aliweka panga chini. Aliokota mguu wa ile darubini iliyovunjika, mguu wa chuma, mzito, akampiga nao usoni mara moja. Halafu wakatoka, wakakusanya daftari zote wakazichoma uwanjani, wakaenda kumzika Fatuma.

Siku mbili baadaye askari walikuja na malori, wa serikali yetu mpya, na kibendera kipya mbele ya lori la kwanza. Tulikuwa tumekishangilia kile kibendera wiki chache nyuma. Waliwalaza wanaume kifudifudi kwenye mchanga wa moto wakawachapa mmoja baada ya mwingine, wazee kwa vijana. Waliingia jikoni wakavunja vyungu, wakamwaga unga, wakampiga mama mkwe wa Fatuma kwa kitako cha bunduki alipowaambia wavue viatu. Askari mmoja aliuliza kila anayemchapa kama alidhani uhuru ndio huu. Juma na wenzake kumi walifungwa kamba wakatupwa ndani ya lori. Nilisimama tena ukutani. Kila fimbo iliyolia nilijua ilianzia wapi, na nilifunga mdomo.

Wiki ya pili nilipata nguvu za kwenda wodini alikolazwa Dresa. Nilimpelekea uji wa wimbi. Kichwa kilikuwa kimefungwa bendeji chote isipokuwa jicho moja na mdomo, nikamlisha kwa kijiko. Nilimwambia mimi pia nilimpiga.

"Najua. Fimbo yako ilikuwa nyepesi." Alimeza, akapumzika. "Ungesema, wangekukata palepale. Mimi walinipiga tu."

Nilimuuliza nifanye nini sasa. Akasema barua ya Mombasa niichukue, kwa kuwa nikiikataa yote yamekuwa bure. Lakini kabla ya kuondoka niende kwa yule mzee nimwambie, kwani aliyefiwa ana haki ya kujua kilichomwua mtu wake. Akisema niseme mbele ya watu, niseme, akikataa, basi.

Nikaenda adhuhuri haijaingia. Mzee Bakari alikuwa barazani peke yake, mgongo bado una alama za askari, mwanawe jela. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanionyesha mkeka. Sikuketi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: kikapu, aibu ya Fatuma, kopo, barua, fimbo yangu, uongo wa Dresa. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akainuka, akachukua bakora yake, akanipiga nayo begani, kisha mgongoni, kisha mikononi nilipojikinga. Alinipiga mpaka pumzi zikamwisha, nami sikukimbia. Hatimaye akaketi, bakora ikamponyoka.

"Miezi saba alinipikia," akasema, "na mimi sikuijua sauti yake. Siku niliyoisikia ndiyo ile. Kumbe alikuwa ananistahi mimi."

Akafunika uso kwa kilemba. Niliposema nitakwenda kuwaambia watu, aliniinulia mkono. Akasema Juma akijua ataua, na akiua atanyongwa, na yeye atakuwa amezika watatu badala ya mmoja. Dresa ni mtu wa mbali, amekwisha kuondoka. Ninyamaze mpaka mzee mwenyewe na Juma wawe chini ya ardhi. Akaniapisha, nikaapa.

Nikaenda Mombasa, nikawa muuguzi, nikawashika wagonjwa mikono miaka thelathini na tano. Dresa alifukuzwa kazi kwa kuchanganya makopo, akarudi kwao akachunga ng'ombe wa watu kwa jicho moja. Nilimtembelea mara tatu katika maisha yote, na hata mara moja hakuniuliza kama mzee alikubali niseme. Mzee Bakari alikufa zamani. Juma alikufa miaka tisa iliyopita, na hapo nilikuwa huru kusema huku Dresa yu hai, anasikia. Miaka tisa. Kila mwaka niliona haya kukiri, nami ni mzee mwenye heshima zangu, nikaahirisha. Sasa nasema naye hanisikii: Dresa Nyamawi hakuchanganya kopo lolote. Dawa aliyokunywa Fatuma ilikuwa yangu.